Fundi Aliyepima Pumzi ya Ndege

Siandiki hapa alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Wanaoijua nasaba yake ni wengi, na nasaba hiyo haikumfaa kitu. Mimi nilimjua kwa miaka kumi na tano hivi, msikitini na barazani kwetu Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, na sote tulimwita Fundi. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kuyaandika haya. Kuna jambo nililomkosea, na nimechelewa kulisema.

Alikuwa na swali moja aliloliuliza kila mtu. Ukimwambia barabara ya Bawshar imefungwa, atakuuliza, "Umeona au umeambiwa?" Ukimwambia fulani kamwacha mkewe, swali lile lile. Ramadhani moja mke wangu alimpelekea mkate wa kumimina, akamwambia, "Kula, Fundi, leo haukuungua." Yeye akaunyanyua ule mkate, akautazama upande wa chini, ndipo akasema ahsante. Mke wangu akaapa mbele yangu kwamba hampelekei tena kitu chochote. Siku ya pili akampelekea vitumbua.

Alikuwa mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi sawasawa, kofia imekaa mbele kidogo. Mikono yake haikutulia. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajakaa huweka kiganja juu ya friji, kama mtu anayempima mgonjwa homa, kisha husema, "Hii haimalizi mwaka." Watu walichukia. Friji nazo hazikumaliza mwaka, na watu wakazidi kumchukia.

Alirudi Maskati mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya kukaa ng'ambo miaka mingi katika kiwanda cha injini za ndege. Nchi gani, kiwanda gani, hakutuambia. Tulijua tu kwamba alitia saini karatasi ya kutosema, na kwamba saini kwake ilikuwa ahadi. Sisi tuliosoma dini tunajua uzito wa ahadi, na kama angenyamaza kabisa ningemsifu. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kunyamaza kabisa. Hapo ndipo alipojiharibia.

Ilikuwa barazani, baada ya Alasiri. Watu walikuwa wanabishana juu ya rada ya uwanja wa ndege, kama inaweza kumwona jurawa, kindege kile kidogo cha mapaani. Ghafla Fundi akasema, "Iko ndege ya vita ambayo rada inaiona kama jurawa, au haiioni kabisa. Mimi nimefanya kazi kwenye injini yake." Kisha akafunga mdomo. Watu wakamhimiza aseme zaidi, akakataa. Nusu ya siri ilikuwa imeshatoka, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na ushahidi.

Tangu siku hiyo hawakumwacha.

"Fundi, ile ndege yako imepita leo?"

"Imepita asubuhi."

"Mbona hatukuiona?"

"Basi imetengenezwa vizuri."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Mwengine akadakia, "Na wewe miaka yote hiyo ulikuwa umo ndani yake, nini? Maana na wewe hatukukuona!" Siku nyengine aliulizwa kilichomrudisha ni nini, akajibu, "Rangi ya ukuta ndiyo iliyonirudisha." Akainuka, akaenda zake. Alipokwisha ondoka, muuza vitambaa aliyekuwa pembeni akasema, "Kumbe! Kazi yake ilikuwa kupaka rangi majumba, masikini, anatufanya sisi wajinga." Nami nilicheka pamoja nao. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mimi alinieleza kidogo zaidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiswalisha msikitini, aliniita Maalim na alinistahi. Siku moja tulikuwa nyuma ya msikiti, tumesimama karibu na masufuria ya harisi ya futari, nikamuuliza, kwa kumtania kidogo, ndege itajifichaje na mlio wote ule. Akakamata mwiko, akaanza kunionesha.

"Umbo na rangi ni nusu ya kazi, Maalim. Injini ndiyo inayomsaliti mwenyewe. Kwa mbele inavuta hewa, na huko kuna mapanga, kama ya feni, yanazunguka. Rada ikiyaona mapanga yale, basi, imekwisha. Kwa hivyo njia ya hewa inapindwa kama uchochoro wa Mji Mkongwe kwetu Unguja, ukisimama hapa humwoni aliyeko kule. Kwa nyuma unatoka moto. Adui ana jicho linaloona joto. Basi moto ule unatandazwa, unachanganywa na hewa baridi, utoke mwembamba kama pumzi ya mtu aliyelala."

"Na yenyewe inaonaje?"

"Hapo ndipo penye akili. Rada ni kama tochi. Ukiwasha kwenye kiza unaona, lakini na wewe unaonekana. Ndege ile haitaki kuwasha. Inataka kusikiliza wengine wakiwasha, inataka kuhisi joto la wengine. Ina vihisi kila pahala, na kila kihisi kina lake la kusema. Kazi ni kuyakusanya maneno yote yawe khabari moja, rubani asichanganyikiwe."

Nikamuuliza, "Na wewe ulikuwa unafanya kipi katika hayo?"

Akaurudisha mwiko ndani ya sufuria. "Walitugawia kazi kama nyama ya Idi. Kila mmoja na fungu lake ndani ya mfuko. Ng'ombe hakuna aliyemwona."

Nilirudi nyumbani nikijiambia kuwa anasema vizuri. Kumsifu mtu kwa kusema vizuri ni njia mojawapo ya kutomwamini, na mimi sikulijua hilo wakati ule.

Sababu yangu ya kutomwamini ilikuwa na muhuri. Fundi aliporudi aliomba kazi ya kusomesha katika chuo kimoja cha ufundi. Wakamtaka barua ya kule alikotoka. Barua ikaja, na kaka yake mkubwa, aliyekuwa na wadhifa serikalini na nyumba kubwa Bawshar, akaja nayo kwangu, uso umemshuka. Aliisoma kwa Kiingereza, kisha akanifasiria. Mstari mmoja tu. Kwamba mtajwa alifanya kazi kiwandani kwa miaka kadhaa kama mtunza ghala, na tabia yake ilikuwa njema.

"Mtunza ghala, Maalim," kaka yake akaniambia. "Miaka yote hiyo tunaambiwa injini, injini. Kumbe alikuwa anahesabu misumari."

Chuo hakikumchukua. Akaenda kufanya kazi katika karakana ya viyoyozi, pamoja na Mkenya mmoja, mtu mzima, Mkristo, aliyekuja Maskati kwa kazi hiyo. Kiyoyozi cha msikiti kilipoharibika walikuja wote wawili. Mkenya alipanda ngazi na vipimo vyake. Fundi akabaki chini, kiganja juu ya bomba la shaba, macho ameyafumba.

"Gesi ipo," akasema. "Kuna uchafu umekwama kwenye kona ya pili."

Mkenya akafungua, akakuta uchafu kwenye kona ya pili. Walipokuwa wanakunywa chai, Fundi alipokwenda kutia udhu, yule Mkenya akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mzee ni mwingine, Sheikh. Mimi niko na geji ya pesa mingi, na yeye anawekelea mkono tu. Wanasema ati alikuwa mtu wa stoo. Mtu wa stoo atajulia wapi hizi vitu? Mimi huyu namwamini kabisa."

Nilimwongezea chai. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi baadaye, kwamba Mkristo mgeni, aliyekaa naye miezi sita, alimwamini Mwislamu mwenzangu kabla yangu mimi niliyekuwa nikiswali naye msikiti mmoja mara tano kwa siku.

Fundi hakuwa malaika, na picha isiyo na kivuli si picha. Alikuwa na kiburi cha ufundi. Alimdharau mtu kwa kukaza skrubu vibaya. Alikataa kuoa mara mbili kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa. Alisema nusu ya siri kisha akawakasirikia watu kwa kutoiamini nusu hiyo. Alisoma Qur'ani kila alfajiri kwa sauti nzuri, na akimaliza tu anaweza kumtolea mtu maneno makali yatakayomuuma wiki nzima. Nilipomnasihi alisema, "Nnajua, Maalim. Nimekaa sana na vitu vinavyopiga kelele."

Hilo halikuwa neno la mzaha. Injini zile zilimwachia mlio mwembamba masikioni, haukukatika usiku wala mchana. Wakati ule alikuwa bado anasikia vizuri, tena vizuri kuliko wengi wetu. Akinisikia nimekosea kurefusha herufi katika kusoma, alinisubiri nje kwa adabu, akaniambia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Kaka yake alikuwa na binti. Fundi alimsomesha hesabu binti yule tangu mdogo, na alimpenda kama aliyemzaa. Ulipofika wakati wa kuolewa, bibi harusi alisema neno moja tu: shahidi wake mmoja awe ami yake, Fundi. Baba yake alikubali kwa mdomo. Fundi alishona kanzu mpya. Alikuja kwangu siku mbili kabla, akakaa kama mwanafunzi, akaniomba nimsomee masharti ya shahidi wa ndoa, asije akakosea.

"Awe Mwislamu," nikamwambia, "baleghe, mwenye akili, muadilifu, na awasikie wote wawili, anayeozesha na anayekubali, kwa masikio yake."

"Muadilifu ndiye nani, Maalim?"

"Mtu ambaye neno lake linaaminika."

Akatikisa kichwa. Nilimwona amefurahi. Mtu aliyechekwa kwa miaka, neno lake sasa litasimamisha ndoa ya mtoto wake. Hakuna zawadi nyengine angeitaka.

Siku ya ndoa, baada ya Alasiri, ukumbi wa Bawshar ulijaa. Upande wa bwana harusi walikaa watu wazito. Ubani ulizunguka. Fundi alikuwa mbele, magoti yake yanakaribia kugusa magoti yangu, kanzu inang'ara. Nilipokuwa nafungua daftari, kaka yake akaniinamia sikioni.

"Maalim, huyu asiwe. Wakwe wamesikia maneno ya ile ndege. Kesho wakitia ila kwamba shahidi ni mwongo, ntauweka wapi uso wangu? Na barua umeiona mwenyewe."

Nilipaswa kumwambia: hii ni rai yako, wewe mwenyewe uliridhi. Nilipaswa kumtazama Fundi nikapima niliyoyaona kwake kwa miaka yote ile. Hajawahi kuchukua kisicho chake, hajawahi kumsengenya mtu, alipima mpaka mkate wa jirani kabla ya kuusifu. Badala yake niliipima barua. Nikajiambia ninailinda ndoa isiingie shaka. Shetani anapenda sana kuwajia wenye elimu kwa mlango wa tahadhari.

Nikasema, na ukumbi wote unasikia, "Fundi, tupishe nafasi hapo. Atakaa jirani."

Alinitazama. Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Akaniuliza taratibu, kwa sauti ambayo niliisikia mimi na kaka yake na wawili watatu wengine:

"Umeona au umeambiwa, Maalim?"

Nilishughulika na daftari. Akainuka, akaikunjua kanzu yake isipate makunyanzi, akaenda kukaa nyuma. Hakuondoka. Alikaa mpaka mwisho, na dua iliposomwa niliisikia amina yake kati ya amina zote. Bibi harusi aliambiwa kuwa ami yake alipatwa na maumivu ya tumbo.

Baada ya siku hiyo hakuniita Maalim kwa muda mrefu. Alinisalimu, alinijibu, aliswali nyuma yangu. Barazani hakufika tena. Waliokuwa wakimtania walikosa wa kumtania, wakasema kwamba ukweli umemwondosha.

Miaka ikapita. Vita vilikuja kwa jirani zetu wa kaskazini, na televisheni ikawa inaonesha ndege kila siku. Watu wakamkumbuka. Nilikutana naye dukani, tukasimama. Nikamwambia jambo nililokuwa nalo moyoni, labda kwa kutaka kujitetea: "Fundi, hata kama uliyoyasema ni kweli, hiyo sifa unayoitaka ni sifa ya kifaa cha kuulia watu."

Alikubali kwa haraka, kama aliyeshajiambia hayo mara nyingi. "Nnajua. Kila nikiona mabomu yanaanguka nnajiuliza ile pumzi niliyoipoza mimi imepita juu ya nyumba ya nani. Hilo lipo, na Mungu ataniuliza, na sina jawabu. Lakini nyinyi hamkunihukumu kwa hilo. Lau mngenihukumu kwa hilo ningenyamaza. Nyinyi mlisema sikuwepo."

Aliposema hayo alikuwa ananiangalia mdomo. Nilidhani ni hasira. Baadaye ndipo nilipojua kuwa sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa, na la kulia linafuata.

Kisha ikaja ile siku ya televisheni. Nilikuwa kwa binti yangu, mume wake anatazama kipindi cha Kiingereza kuhusu ndege moja mpya ya kivita isiyoonekana na rada, ambayo sasa si siri tena. Walionesha nyuma yake, mahali moto unapotokea, na mkwe wangu akanifasiria. Mhandisi mmoja mzee, mstaafu, alikuwa anahadithia matatizo ya mwanzo. Alisema waliwahi kujipongeza mapema kwamba moto wa injini umepoa, vipima joto vyote vimesema hivyo, na kumbe vilikuwa vimewekwa kwenye ngozi ya bomba la kutolea moto, ambako hewa baridi inapita. Katikati moto ulikuwa vile vile.

"Anasema," mkwe wangu akafasiri, "mtu mmoja wa zamu aliona rangi ya ukuta unaoelekea bomba imevimba. Rangi ile ndiyo iliyowajulisha."

Nikamwambia arudie. Akarudia. "Mtu mmoja wa zamu. Rangi ya ukuta."

"Amemtaja jina?"

"Hapana. Kasema mtu mmoja tu."

Nilikaa na kikombe changu mpaka kikapoa. Nilizisikia zile kelele za barazani tena, na kicheko changu kikiwa ndani yake.

Kesho yake asubuhi nilimwendea. Alikuwa amehamia Mabela, kwa dada yake mjane, nyumba mpya katikati ya nyumba mpya. Nilimhadithia kwa sauti kubwa, kwa kuwa alisikia kwa shida. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nililouliza mimi.

"Walisema jina?"

"Hawakusema."

"Basi hakuna lililobadilika."

Lakini siri ilikuwa imeshatolewa na wenyewe, na aliona ahadi yake imefunguka. Akanieleza, mara moja tu, moja kwa moja. Siku ile wakubwa walipeana mikono na kuleta keki. Yeye akaenda kushika ukuta unaoelekea bomba, akakuta rangi imefura mapovu. Moto uliopoa hauvimbishi rangi. "Kipima joto hakikusema uwongo," akaniambia. "Kilisema kweli ya pale kilipowekwa." Akaandika hayo katika daftari la zamu. Lau angeishia hapo wangemshukuru. Akaongeza mstari mmoja: kwamba ikiruka hivi, adui ataiona kutoka nyuma.

"Mstari huo ndio ulioniua. Mimi nilipewa bomba na moto. Hakuna aliyeniambia ni ndege ya aina gani, wala kuwa haitaki kuonekana. Nilifahamu mwenyewe. Wakaniita chumbani, watu wawili nisiowajua, wakaniuliza: nani kakwambia? Nikawaambia sikuambiwa na mtu, nimeona. Hawakuamini. Mgeni kama mimi, fungu la nyama mkononi, nikamjua ng'ombe! Jioni kadi yangu haikufungua mlango. Na aliyekuwa hatakiwi kujua, lazima awe hakuwepo. Wakaniandika ghala."

Nikamwambia, "Nisamehe, Fundi."

"Umesema?"

"Nisamehe!"

"Aa," akasema, akaniletea kahawa. Hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe. Dini yetu inamtaka mtu aombe msamaha kwa aliyemdhulumu; haimlazimishi aliyedhulumiwa kuharakisha. Nimejifunza kusubiri.

Mara ya mwisho nilikwenda kwake na jambo mahsusi. Mjukuu wangu alikuwa anaolewa, na mimi ndiye nitakayeozesha. Nilitaka mbele ya watu wale wale, na wale wakwe wa Bawshar nimewaalika makusudi, nimtaje Fundi kuwa shahidi. Nilimfikishia maneno hayo kwa ishara na kwa sauti, uso kwa uso, na alipoyafahamu akatabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Hebu nisomee masharti, Maalim."

Jina hilo sikulisikia kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, yeye anafuata mdomo wangu. "Mwislamu. Baleghe. Mwenye akili. Muadilifu."

"Na?"

Kidole cha tano kikabaki kimekunjwa.

"Na asikie," akamalizia mwenyewe. "Mimi sisikii. Ntakaa pale nione watu wawili wanatafuna maneno. Kesho nikiulizwa, waliozana? ntasema nini? Ntasema nimeambiwa?"

Nikamwambia tutaweka mashahidi wawili wengine ndoa isimame kwao, na yeye akae pamoja nao kwa heshima.

"Yaani nije kukaa kwenye picha." Alicheka kidogo. "Siku ile nilikuwa nnasikia mpaka uzi wa kanzu ukikatika. Siku ile ndiyo niliyokuwa nnafaa. Leo nimekuwa muadilifu na sifai. Mtafute mwengine."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. Na sheria ilikuwa upande wake, ile ile niliyomsomesha.

Nikainuka kuondoka. Akanishika mkono, akanirudisha chini.

"Kaa. Nnataka kitu kimoja. Kesho Kiyama, watu watakapoulizwa kuhusu watu, wewe utaulizwa kuhusu mimi. Utasema nini?"

Nikamwambia, "Ntasema ulikuwa mkweli na mimi nilikukadhibisha."

Akakunja uso. "Polepole."

Nikarudia. Akatikisa kichwa kwamba hakupata. Nikatoa kalamu mfukoni nimwandikie, akaufunika mkono wangu kwa kiganja chake.

"Usiandike. Nnataka kusikia."

Nikasema mara ya tatu, kwa nguvu. Nikasema mara ya nne kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hata juu ya mimbari, mpaka kifua kikauma, na dada yake akatoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Kuna nini? Mnagombana?"

Nje mtu alikuwa amesimamisha gari kusikiliza, na jirani amefungua dirisha. Mtaa mzima wa Mabela ulikwishasikia. Fundi alikuwa bado ananitazama mdomo, ananisubiri niseme.